Namlo: siku 22 kuizunguka Manaslu

Wazee wetu mliotangulia mlimani, shikamooni. Waongozaji wenzangu, wapishi, wagumu, yaani wapagazi wetu, na dada zetu mnaobeba na mnaoongoza, habari za asubuhi. Nimeombwa niwasimulie safari yangu ya Nepal, na nimepewa nusu saa. Mnanifahamu, nusu saa kwangu ni salamu tu, lakini nitajibana.

Nianze na hiki nilichokishika. Mliokaa nyuma mtadhani ni mkanda wa kufungia mzigo wa punda. Huu unaitwa namlo. Hapa katikati ni mpana kama kiganja, na kila upande unatoka kamba ndefu. Kamba inapita chini ya doko, yaani tenga la mianzi, pana juu na jembamba chini, na huu upana unakaa kichwani, juu kidogo ya paji la uso. Mabega hayana kazi. Mzigo wote unaning'inia kichwani na kulala mgongoni. Nilikuwa naona picha zake, nikisema wale wenzetu wanateswa. Nitaurudia baadaye.

Nimeongoza Kilimanjaro miaka 14, ila sijawahi kuwa mgeni kwenye mlima wa mtu. Wageni wangu wawili, mke na mume waliokwisha kupanda nami mara mbili, waliniambia safari hii twende Nepal na begi langu abebe mtu mwingine. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Akaongezeka rafiki yao, tukawa wanne. Ilikuwa Oktoba, mvua za huko zimekwisha, anga limeoshwa.

Manaslu ni mlima wa nane kwa urefu duniani, mita 8,163. Hatukuupanda, na wala hatukuwa na nia. Tuliuzunguka. Unatoka Kathmandu kwa gari kutwa nzima, barabara ya kukung'oa meno, hadi Machha Khola, mita 900 tu juu ya bahari, joto la kuvua shati. Kutoka hapo unafuata mto Budhi Gandaki kwenda juu. Sisi tulichepuka kwanza kuingia bonde la Tsum, tukalimaliza hadi nyumba ya watawa ya Mu iliyo mita 3,700, tukarudi mtoni, tukapanda bonde la Nubri, Deng, Namrung, Lho, Samagaun, Samdo, kisha tukavuka kipito cha Larkya La na kuteremka hadi Dharapani upande wa pili. Larkya ni mita 5,106.

Najua mmeshapiga hesabu. Hiyo ni chini ya kilele chetu cha Uhuru kwa karibu mita 800. Mgeni wa njia ya Machame anasimama Uhuru siku ya tano au ya sita. Sisi Larkya tuliifikia siku ya 20.

Siku ya kwanza njiani nilipata aibu ndogo. Tumetembea saa moja, nikasikia kengele, na kona ikatoa msafara wa nyumbu. Siyo nyumbu wa Serengeti jamani, ni wale watoto wa punda na farasi, 15 hivi, wamebeba mitungi ya gesi, mchele na mabati. Kwa adabu zetu za Kilimanjaro nikawapisha kwa kusogea pembeni, na pembeni niliyochagua ilikuwa upande wa korongo. Kiongozi wetu alinivuta kwa mkono kama mtoto. Huyu mtu nilimwita Dai, ndivyo Wanepali wanavyomwita kaka mkubwa, na ndivyo nitakavyomwita leo. Akaniambia: siku zote ukutani. Nyumbu hana nia mbaya, ila mzigo wake ni mpana kuliko yeye, na yeye hajui. Akikusukuma, utaokotwa mtoni.

Nikamuuliza kama hiyo njia haina ya watalii peke yao. Akacheka. Akasema hii ndiyo barabara ya wilaya. Mwalimu anapita hapa, mgonjwa anabebwa hapa, bibi harusi anapita hapa, chumvi inapita hapa. Ninyi wageni mmeongezeka juzi. Na kweli, ukanda wa Manaslu ulifunguliwa kwa wageni mwaka 1991, na Tsum ikangoja hadi 2008. Hata leo huingii bila kibali maalumu: kwa msimu ule wa Oktoba tulilipa dola 100 kwa juma la kwanza, dola 15 kwa kila siku iliyozidi, na Tsum dola 40 zake mbali. Na lazima uwe na kiongozi mwenye leseni. Njiani kuna vituo vya ukaguzi, wanafungua daftari, wanasoma kibali chako neno kwa neno. Nilijisikia niko kwenye geti letu la Londorossi.

Sasa hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kundi la wageni wanne kwetu linatoka getini na watu wangapi? Naona mnacheka. Watu 15, wakati mwingine zaidi: mahema, meza, viti, mitungi, choo, chakula cha siku saba cha wageni na chakula chetu. Tunahamisha kijiji. Kule sisi wanne tulikuwa na Dai na wapagazi wawili. Basi. Mwanzoni nilidhani ni ubahili wa kampuni. Baada ya siku tatu nikaelewa. Hatukubeba kijiji kwa sababu vijiji vilikuwepo. Kila jioni tunafika kwenye nyumba ya mtu, yeye mwenyewe ndiye mpishi, mkewe ndiye anayehesabu blanketi, mtoto wao anafanya kazi za shule pembeni ya jiko. Tunakula chakula chao, tunalipa, asubuhi tunaondoka. Na bei inapanda na njia: sahani ile ile iliyokuwa rahisi kijiji cha chini cha Jagat, ukiikuta Samdo imeshapanda sana, kwa sababu mchele umepanda na nyumbu siku kadhaa, na nyumbu naye anakula.

Kwetu mlima ni hifadhi tangu 1973, na juu ya geti hakuna anayeishi. Silalamiki, msitu ule ndio maji yetu. Lakini mgeni anatua uwanja wa ndege usiku, analala hotelini Moshi, asubuhi anapakiwa garini, anapita katikati ya Uchagga akiangalia simu, anashushwa getini. Vihamba vyote vile, mifereji yote ile ya mababu, kwake ni dirisha la gari. Akirudi anasema ameijua Kilimanjaro. Amejua mawe na sisi. Nimekaa kule siku 22 na sikuwahi kulala mahali pasipo na jirani, isipokuwa usiku mmoja, kambi ya Dharamsala chini ya Larkya. Nilikuwa napiga hesabu ya hela inayobaki kila kijiji na kusema kimoyomoyo, sisi tunaivusha tu.

Tuache hesabu, tule.

Wanaotembea njia zile wanaishi kwa dal bhat: wali, mchuzi wa dengu, mboga ya majani, viazi, kachumbari kali ya kusindika. Unaongezewa mpaka ukatae mwenyewe. Asubuhi wapagazi wanakunywa chai tu, saa nne wanasimama na kula mlima wa wali, jioni tena. Lakini kwenye vijiji vya chini vya Wagurung, mama mmoja alituuliza kama tunaweza kula chakula cha wenyewe. Akaleta kitu cheusicheusi, kigumu, kinafuka moshi, na bakuli la mchuzi. Wenzangu wazungu wakaanza kutafuta uma. Mimi nikanawa mikono. Jamani, ilikuwa ugali! Wanauita dhido, na ule ulikuwa wa ulezi. Nikamega, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikachovya. Yule mama alishika kiuno akaita majirani.

Wao ulezi wanauita kodo. Ni ule ule. Wataalamu wa mimea wanasema ulezi ulifugwa kwanza huku kwetu, nyanda za juu za Uganda na Ethiopia, ukavuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, ndipo ukapanda milima. Kwa hiyo yule mama ananikaribisha chakula cha ugenini kilichotoka kwetu. Na msidhani wanaishia kwenye ugali. Wanautengenezea pombe pia, na ile iliyokenekwa kwa moto, raksi, ni kali, haina utani. Nikamwambia Dai kwamba kwetu ulezi unaingia kwenye mbege pamoja na ndizi. Alinitazama kwa huruma. Ndizi kwenye pombe aliona ni kuharibu ndizi.

Tsum nayo ina sheria yake. Mwaka 1920 wazee wa bonde waliapa mbele ya lama, kiongozi wao wa dini, kwamba ndani ya Tsum hakuna kiumbe atakayeuawa. Hakuna kuchinja, hakuna kuwinda, hakuna mtego, hata asali hairinwi. Miaka zaidi ya 100, na bado wanakishika kiapo. Utakuta kondoo wa mwituni wamesimama juu ya kijiji wanakutazama bila haraka, na wewe unawatazama. Siku tisa sikuona nyama ikichinjwa. Mnanijua mimi na nyama choma. Siku ya nne nilianza kuota mishikaki. Siku ya sita nimesahau.

Ndani ya bonde lile utapita kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno ya sala. Zimejengwa katikati ya njia makusudi. Unazipitia upande wako wa kushoto, zibaki mkono wa kulia, kila mara, hata kama umechoka na upande wa pili ni mfupi. Mzee mmoja aliyebeba kuni nilimwona akirudi nyuma hatua 20 kwa sababu alikosea. Kuni mgongoni, amerudi. Hakuna aliyekuwa anamtazama zaidi yangu.

Niwape na kisa cha Sama, au Samagaun kama inavyoandikwa. Wajapani walijaribu Manaslu mwaka 1953, wakashindwa, wakaondoka. Baadaye poromoko la theluji likashuka likafunika nyumba ya watawa ya Pungyen, likaua watu; wenyewe wanasimulia watu 18. Kijiji kikasema: mungu wa mlima ameudhiwa. Wajapani waliporudi 1954, wanakijiji wa Sama wakaziba njia. Wafalme na vibali vya Kathmandu havikusaidia, kundi likageuza. Mlima ulifikiwa kileleni tarehe 9 Mei 1956, na Toshio Imanishi pamoja na Msherpa Gyalzen Norbu, baada ya maneno mengi na mchango wa kuijenga upya ile nyumba ya sala. Nilikaa Sama siku mbili, nikiitazama theluji ile, nikiwaza kama wazee wetu wa Marangu na Machame waliwahi kuulizwa na mtu yeyote.

Hapo hapo Sama ndipo nilipojitia hasara. Ilikuwa siku ya mapumziko. Dai akasema anayetaka anaweza kutembea kuelekea kambi ya chini ya Manaslu, inakaribia mita 4,800, arudi alale 3,530. Panda juu, lala chini. Hilo tunalijua sote. Lakini nilikuwa nimetembea na wazee siku 15 na miguu inawasha. Nikasema niwaonyeshe mtu wa Kilimanjaro anavyokwenda. Nikapanda kama nafukuzwa. Juu nikasimama, nikapiga picha, nikashuka mbio. Saa kumi jioni kichwa kinagonga kama karakana ya bati, chai hainyweki. Mimi, ninayewaambia wageni pole pole tangu getini!

Dai hakunigombeza. Alikaa kitandani, akaniuliza yale maswali ninayowauliza wageni: kichwa, tumbo, usingizi, mkojo. Nikaanza kujibu kwa kudanganya. Nikajisikia nadanganya, kwa sababu najua wageni wanavyodanganya: macho pembeni, sauti ya juu kidogo. Akasubiri. Nikasema ukweli. Akaniwekea maji, akasema bistarai, bistarai. Ndiyo pole pole yao, na wao pia wanaisema mara mbili. Kesho yake kichwa kikatulia. Tukaenda Samdo, 3,875, na tukalala hapo siku mbili badala ya moja. Ile siku ya pili ilikuwa yangu, wenzangu hawakusema kitu, nami nililipa chai ya wote.

Ndugu zangu, wakuu wa tiba ya mlima wanashauri ukivuka mita 3,000 usizidishe mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne upumzike. Kule wana nafasi ya kuitii kanuni hiyo. Sisi tunauza siku tano, kisha tunasali. Siwezi kumlaumu mgeni, anachagua bei. Lakini anayempa ile bei ni nani?

Kuna jambo lingine niliona njiani, sikuwa nimelitegemea. Vijiji vingi mabati ni mapya na mawe ya kuta ni ya zamani. Tarehe 25 Aprili 2015, kabla ya saa sita mchana, tetemeko la kipimo cha 7.8 lilianzia karibu na Barpak, wilaya hii hii ya Gorkha. Nchini kote walikufa karibu watu 9,000. Ilikuwa Jumamosi, ambayo kwao ndiyo siku ya mapumziko, shule zimefungwa. Dai anasema ingekuwa Ijumaa tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Milima ilikatika, njia ya Budhi Gandaki ikafungwa. Helikopta zilifanya kazi, lakini helikopta haiwezi kulisha bonde zima. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaajiri maelfu ya wapagazi na nyumbu, wakapeleka mchele na mabati kwa mgongo, huku wengine wakichimba njia upya mbele yao. Mmoja wa wapagazi wetu wawili alikuwepo. Nilimuuliza alibeba nini. Akasema: bati. Bati ni baya, upepo unalitaka.

Sasa turudi kwenye namlo.

Wapagazi wetu walibeba mabegi mawili mawili, jumla kilo 25 hivi kila mmoja. Zaidi ya kilo zetu 20 za getini, nilimwambia Dai, naye alikiri. Lakini tulikuwa tunapitwa na wapagazi wa biashara, wanaopeleka mali madukani, na hao ni watu wengine kabisa. Mtu mwembamba, raba za plastiki, doko limejaa kupita kichwa chake, mkononi ana kifimbo chenye umbo la herufi T kiitwacho tokma. Anakwenda hatua chache, anachomeka tokma chini ya doko, anasimama, anapumua, anakwenda tena. Hatui mzigo chini. Huwezi kumwona anahema. Sisi tunampita, tunakaa kunywa chai, anatupita, na jioni amefika kabla yetu.

Niliporudi nilitafuta habari zake. Mwaka 2005 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuwapima wapagazi wa Nepal kwenye njia ya kwenda Namche, upande wa Everest. Wanaume, kwa wastani, walikuwa wamebeba asilimia 93 ya uzito wa miili yao. Wanawake asilimia 66. Nao walitumia nguvu kidogo kuliko Wazungu wenye mabegi ya mgongoni. Mmoja wa wanasayansi hao, Norman Heglund, alikuwa amefanya kazi hiyo kabla, na unajua wapi? Kenya. Utafiti wa 1986, wanawake wa Kiluo waliobeba kichwani na wanawake wa Kikuyu waliobeba kwa mkanda wa kichwani. Walikuta hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, wale mama wanabeba kama hawajabeba, mwili hautumii nguvu ya ziada. Mkanda wa Wakikuyu ni huu. Wenyewe wanauita mukwa. Nyanya zetu wa upande ule wa mpaka walikuwa nao siku zote, na mimi nikausafiria mpaka Nepal kwenda kuushangaa.

Sisemi mtu hapa abebe asilimia 93. Kilo 20 zilipiganiwa, mizani iko getini, na atakayeichezea tutamtaja kwa jina. Dai mwenyewe ana maumivu ya shingo tangu ujana, na mwanawe hataki aguse doko. Ninachosema ni kwamba mgeni akikuona na mzigo, anaona misuli. Haoni kwamba kuna elimu.

Larkya tuliivuka siku ya 20. Mtaniuliza, niseme haraka: tuliondoka Dharamsala saa tisa usiku, taa za kichwani, barafu imeshika mawe, upepo mkali. Kipito ni kirefu, unadhani umefika mara tano. Juu kuna bendera za sala, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano, zimechanwa na upepo hadi nyuzi. Hakuna aliyelia, hakuna foleni ya kupiga picha. Dai akafunga bendera moja, akatugawia biskuti, tukaanza kushuka, na mteremko wa Bimthang ndio uliovunja magoti yetu.

Dharapani kuna barabara, jipu zinangoja. Tukatoa bakshishi, kila mpagazi mkononi mwake mwenyewe, na nilifurahi kuona wageni wangu hawakusahau nililowafundisha kwenye geti la Mweka. Yule wa bati akaona natazama namlo lake. Akaliviringisha akanipa. Nikasema utabebea nini kesho? Akaonyesha mti, maana yake atasuka jingine.

Ndilo hili. Naliacha hapa mezani. Nje ya mlango nimeweka tenga, na ndani yake debe la maji, lita 20, yaani kilo zetu zile zile. Anayetaka kujaribu aje, hatua kumi hadi ule mwembe na kurudi. Avue kofia kwanza, na asiinamishe shingo. Asanteni.